Nani Alimwagilia Bustani za Kilwa?

Mtajie kijana wa mjini jina la Kilwa, atakujibu mambo mawili: magofu na dhahabu. Magofu ameyaona kwenye kalenda. Dhahabu ameisoma darasani, ile iliyotoka Sofala ikapita mikononi mwa masultani na kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Akiwa ni mtu wa vitabu kidogo atakuongezea Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 akakutana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Basi, historia imekwisha, kengele imelia, tutoke nje.

Mimi nataka kuzungumzia maua. Ndiyo, maua, na mboga, na malimau, na nani alikuwa akiyamwagilia. Msomaji usicheke. Nimesoma maneno mengi juu ya mawe ya Kilwa hadi nikachoka na mawe.

Tuanze na mwezi wa Julai, mwaka 1505. Tarehe 24 Wareno wa Francisco de Almeida walishuka Kilwa Kisiwani wakauteka mji na kuupora. Amiri Ibrahim, aliyekuwa akitawala, alikimbia. Katika meli mojawapo, São Rafael, alikuwamo Mjerumani aitwaye Hans Mayr, na huyu ndiye anayesadikiwa kuiandika habari ya safari ile. Sasa angalia binadamu alivyo wa ajabu. Wenzake wanavunja milango, wanabeba mali za watu, naye mwandishi wetu anatazama bustani. Anaandika kwamba kuna machungwa matamu, malimau, mboga, vitunguu vidogo vidogo na majani yanayonukia. Anaona mtambuu, majani yake kama ya mmea fulani wa kwao Ulaya, umeegemezwa kwenye vijiti kama tunavyoegemeza kunde, na anaeleza jinsi watu wenye uwezo wanavyoyatafuna majani yake pamoja na chokaa mpaka kinywa kinakuwa chekundu. Anaona mizinga ya nyuki juu ya miti. Anaona udongo mwekundu. Anaona pamba, tena nyingi na nzuri, inayopandwa hapo hapo kisiwani.

Halafu anaandika jambo ambalo wengi hulipita haraka: kwamba bustani hizo zinamwagiliwa kwa maji ya visima.

Hapo ndipo nilipokaa. Julai pwani ya kusini ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, masika yamekwisha zamani na vuli bado haijafikiriwa. Kama bustani ilikuwa ya kijani mwezi ule, kijani chake hakikushuka kutoka mawinguni. Kilitoka kisimani, kamba baada ya kamba, chombo baada ya chombo, asubuhi na jioni. Na kisima hakijimwagi chenyewe.

Mashahidi wengine wanakubaliana. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika miaka kumi hivi baadaye, anasifu nyumba za mawe na milango ya mbao iliyochongwa, kisha anasema mji umezungukwa na bustani za matunda na mifereji ya maji matamu. João de Barros, aliyechapisha historia yake mwaka 1552 (naye Kilwa hakupaona kwa macho, alikuwa Lisbon na makaratasi yake), anatoa picha ninayoipenda kuliko zote. Anasema nyuma ya nyumba kulikuwa na viunga vya miti ya matunda na minazi, vikubwa, kwa ajili ya kivuli na kuburudisha macho mbali na matunda yenyewe, na kwamba vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi mtu angeweza kuruka kutoka dari moja hadi dari la jirani.

Kuburudisha macho! Hebu yashike maneno hayo. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba mambo ya kupanda kitu kwa sababu ni kizuri tu ni ya Wazungu na makopo yao ya maua madirishani. Kumbe mji wa Waswahili miaka mia tano iliyopita ulibana njia zake ili bustani zipanuke. Njia ya mtaani mnapishana kwa bega, lakini uani kwako una nafasi ya kukaa chini ya mchungwa. Kwa maoni yangu hayo ni mapinduzi ya mipango miji, na wapimaji wetu wa viwanja wangefanya vema kwenda kuyatazama.

Nilikwenda Kilwa Kisiwani mwezi wa Mei, masika yakiwa yanaelekea ukingoni. Huko Ulaya wana majira yao ya kuchipua, theluji inayeyuka na kila kitu kinafunguka kwa pamoja kama askari waliopewa amri. Pwani yetu haina amri hiyo. Maua huja na mvua na hukaa kwa maji, kila mmea na saa yake: asumini hufunguka jioni, jua likishazama, ndiyo maana harufu yake hukufikia kabla hujaliona ua lenyewe. Ukitaka kuona kisiwa kikiwa kimevaa, basi nenda mwishoni mwa masika. Kutoka Dar es Salaam siku hizi ni safari ya mchana mmoja, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na watu kuacha kulala kwenye kivuko cha Rufiji. Ukifika Kilwa Masoko unalipia kibali, unapanda mashua, na baada ya muda mfupi unaishika Gereza kwa macho.

Husuni Kubwa nitaipita upesi, maana imeandikwa vya kutosha. Iko juu ya jabali linalotazama bahari, jengo la huyo huyo Abu al-Mawahib, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Neville Chittick aliifukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kitabu chake kikubwa juu ya Kilwa kikatoka mwaka 1974. Mwaka 1981 UNESCO ikaviingiza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2004 ikaviweka kwenye orodha ya hatari, na mwaka 2014 vikaondolewa humo. Mimi nilisimama ukingoni mwa lile bwawa kavu nikajiuliza swali lile lile la ndoo. Bwawa liko juu. Maji yako chini. Nani alipandisha?

Bustani niliyoitafuta haiko kwenye ramani ya watalii. Ni ya familia moja kijijini, mahali ardhi inapopanda kidogo kutoka pwani. Watu wa kule wanapaita kilimani. Mtu wa Lushoto angepaita tuta. Ni bibi mmoja, binti yake mjane na wajukuu watatu. Jina lao nimeliacha kwao wenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ila usinikanyagie mrehani."

Mrehani ndio uliokuwa mlangoni, pande zote mbili, kama walinzi. Nyuma yake asumini imepandishwa kwenye uchanja wa miti ya mikoko. Juu zaidi kuna mlangilangi mmoja mrefu, waridi mbili zilizokuwa zinateswa na mchwa, na mkilua ambao bibi alisema ulitoka kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa somo yake. Kila mmea pale una nasaba. Bibi hakusema "huu ni mlangilangi", alisema "huu ni wa fulani, aliuleta siku ya arobaini ya fulani". Nilitoa daftari nikaanza kuandika, nikashindwa kumfuata. Nasaba ya maua ilikuwa ndefu kuliko ya masultani.

Maua yale yanauzwa. Jioni wajukuu wa kike hutunga asumini na kufunga vikuba, na kukiwa na harusi Masoko oda huletwa na mashua. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini inanunua sukari na madaftari. Maji yanatoka kisimani chini ya mteremko, ndoo mbili kila mtu alfajiri, ndoo mbili alasiri, na wakati wa kiangazi idadi inapanda. Nilibeba mbili nikaomba kupumzika kabla ya kufika katikati. Mjukuu wa kike, umri wake kama miaka kumi na mbili, alinipita akiwa na ya kwake kichwani, hakushika hata kwa mkono mmoja.

Ugomvi uliokuwapo nyumbani siku ile ni huu. Mjukuu wa kiume, kijana wa umri wetu, anataka bustani ing'olewe ipandwe ufuta. Hana wazimu. Mkoa mzima wa Lindi unajua kwamba ufuta una mnada na mnada una hela, wakati asumini inategemea nani anaoa na lini. Alimwambia bibi yake mbele yangu, kwa adabu lakini kwa uchungu:

"Bibi, maua hayaliwi."

"Hata wewe huliwi," bibi akajibu, "na nimekulea."

Tulicheka wote, na yeye kijana alicheka, lakini niliona kwamba hajaridhika. Ana haki asiridhike. Hizo ndoo anabeba na yeye. Mimi mgeni ni rahisi kupenda harufu ya asumini, nitalala pale usiku mmoja halafu nirudi kwetu Magomeni. Ila kuna neno moja alilolisema bibi baadaye, tukiwa tumekaa uani, ambalo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu. Alisema: "Shamba letu dogo, lakini hakuna anayetusimamia."

Rudi sasa kwa yule Mjerumani wa 1505. Katika habari yake ile ile, karibu na machungwa na mizinga ya nyuki, anasema kwamba watumwa weusi kisiwani ni wengi kuliko mabwana zao, na kwamba wao ndio wanaofanya kazi mashambani. Sentensi moja tu. Inapita kama inzi. Wakati wa kufundisha ukuu wa Kilwa sentensi hii huachwa, eti itaharibu picha. Na wale wanaotaka kuonyesha kwamba Kilwa ilikuwa ya wageni tu wanaichukua hiyo peke yake na kuacha machungwa. Mimi nasema zichukuliwe zote mbili, maana zilikuwa kwenye kiunga kimoja: kivuli cha kuburudisha macho ya mwenye nyumba, na mgongo wa aliyekuwa anavuta kamba ya kisima.

Historia ya Kilwa iliyoandikwa na wenyewe, ile tarikh ya Kiarabu ya karne ya 16, inahesabu masultani mmoja baada ya mwingine na inasimulia jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo: mgeni kutoka Shirazi alimpa mwenye kisiwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hadithi nzuri, na wazee bado wanaisimulia. Lakini humo kwenye tarikh hakuna jina la hata mtu mmoja aliyeshika ndoo.

Na idadi ya washika ndoo haikupungua, iliongezeka. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka. Karne ya 19 biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara, na njia kutoka Ziwa Nyasa ikaishia pale ufukweni. Wengi walivushwa kwenda Unguja na Pemba, kwenye mikarafuu. Kwa maneno mengine, watu wa kusini walipelekwa kutunza bustani za watu wengine, tena kubwa zaidi. Bahari ilifungwa kwa biashara hiyo mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza. Wajerumani wakaja, na Kivinje hiyo hiyo mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya, mpiganaji aliyewasumbua. Mahali penyewe panaitwa mpaka leo Mwembe Kinyonga. Hata mwembe, msomaji, hata mwembe una faili lake.

Sasa nifikie pamba, maana pamba ndiyo inayonikereketa.

Nimesema Mayr aliiona Kisiwani mwaka 1505. Chittick naye alipochimba alikuta vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi. Yaani kwa karne nyingi pamba ilikuwa mmea wa uani Kilwa: inapandwa, inasokotwa, inafumwa, inavaliwa au inauzwa. Kwa yule bibi bado lipo shina moja, kwenye kona, karibu na choo. Nilimwuliza la nini. Akasema zamani ilikuwa tambi za taa, na siku hizi inatunzwa kwa ajili ya maiti. Hana kinyongo na pamba hata kidogo.

Lakini toka Kisiwani, vuka bahari, pita Kivinje, panda uende kwenye vilima vya Matumbi. Nako kuna mashamba ya mteremkoni, na wenyeji wake walijua kulima nafaka zao bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja. Pamoja kwa jina. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na shamba, wananchi waende kwa zamu, akida asimamie, na kiboko kiwe karibu. Siku walizofanya kazi kwenye pamba ya serikali ndizo siku ambazo mashamba yao yalikuwa yanaliwa na nguruwe pori. Malipo yalikuwa ya kuchekesha, kama yalikuwapo.

Mwezi wa Julai 1905, miaka mia nne kamili tangu Wareno washuke Kisiwani, watu wawili wa Nandete walipanda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakuchoma boma, hawakupiga risasi. Waling'oa mimea. Kila mtu Matumbi alielewa maana yake, ngoma zikalia, na vita vya Maji Maji vikaanza.

Mwanafunzi huambiwa kwamba hiyo ilikuwa ishara ya kutangaza vita. Ni sawa, lakini nadhani tunaisoma kwa haraka. Mkulima hang'oi mmea ovyo. Kwa mtu aliyekulia na jembe, kung'oa mche unaoota ni jambo zito, karibu na laana. Hawa walikuwa wanasema kitu juu ya shamba lenyewe: kwamba mmea si adui, ila mmea huu haukupandwa na sisi ingawa mikono yetu ndiyo iliyoupanda. Pamba ile ile ya uani ilikuwa imegeuzwa akida.

Yaliyofuata ni majonzi. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Wajerumani waliposhindwa kumaliza vita kwa bunduki peke yake walichoma mazao na maghala. Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Nchi ilibaki na mashamba bila wakulima, pori likaingia, tembo na mbung'o wakafuata. Sehemu kubwa ya nchi ile iliyoachwa wazi baadaye iliingizwa kwenye mipaka ya Pori la Akiba la Selous. Waingereza nao walipokuja walijaribu karanga kule Nachingwea, mwaka 1947, kwa matrekta na kelele nyingi, na mwaka 1951 wakafunga virago. Hiyo nitaiacha. Ni vichekesho, na hapa siko kwenye vichekesho.

Nataka kumaliza na Gwassa. Huyu alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika miaka ya 1960 alizunguka Matumbi na maeneo ya jirani akiwauliza wazee waliokuwa vijana wakati wa Maji Maji. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe walichapisha kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Ni kutokana na kazi hiyo ya kukaa chini ya miti na kuuliza kwamba sisi leo tunajua majina ya wang'oaji wa Nandete, na si majina tu, tunajua walianza na nini, kwa nani habari zilipelekwa, nani alipiga ngoma. Alikwenda mapema. Angechelewa miaka kumi na mitano tu, wazee wale wangekuwa wamekwisha, nasi tungebaki na barua za maofisa wa Kijerumani kama tulivyobaki na barua za Wareno kwa Kilwa ya 1505.

Waliomwagilia michungwa ya Kisiwani hawakumpata Gwassa wao. Yule mwenye karamu na wino alisimama mbele yao, akahesabu vitunguu, akaeleza mtambuu unavyoegemezwa, akarudi melini.

Daftari langu la Kilwa lina kurasa sita za maua ya yule bibi, kila ua na aliyelileta, mpaka kwa mwanamke mmoja ambaye bibi wa bibi yake alimwita "mtu wa Nyasa" na ambaye, kwa mujibu wa bibi, ndiye aliyeleta mbegu za kwanza za mrehani ule wa mlangoni, zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Jina lake bibi alikuwa analikumbuka. Alilitamka mara mbili, polepole, ili niliandike sawasawa.